Pampu ya nje ya bwawa la koi: ukubwa wa bomba kwanza, hosipawa baadaye

Mtu anayejenga bwawa la koi nyuma ya nyumba akifika dukani huuliza kwanza pampu ya hosipawa ngapi itamfaa. Swali hilo linampeleka pabaya. Muuzaji anauliza bwawa lina ukubwa gani, anaambiwa lita 10,000, anateremsha pampu ya hosipawa 1 kutoka rafuni, na fundi bomba anakuja kuifunga kwa mabomba yaleyale ya inchi 1 anayotumia kupeleka maji bafuni. Pampu inawaka, inapiga kelele, inakula umeme, na kwenye mdomo wa kurudishia maji yanatoka kwa unyonge. Baada ya wiki chache maji yamekuwa ya kijani na samaki wanapanda juu kutafuta hewa. Mwenye bwawa anarudi dukani kutafuta pampu yenye nguvu zaidi, kumbe kilichomwangusha ni kipenyo cha bomba.

Nataka kulieleza jambo hili taratibu, maana ukishaelewa maji yanavyotembea ndani ya bomba, maamuzi karibu yote mengine yanakuja yenyewe: pampu ya nje, yaani isiyozamishwa majini, ikae wapi, elbo (viungo vya kona) ziwe ngapi, valvu iwekwe upande gani.

Tuanze na samaki mwenyewe. Koi ni kapi wa rangi. Wakulima wa mpunga wa milima ya Niigata, Japani, walikuwa wakifuga kapi kwa ajili ya kitoweo, na mwanzoni mwa karne ya 19 wakaanza kuwachagua na kuwazalisha wale waliojitokeza na rangi. Rangi ilibadilika, tabia ya kapi ikabaki: anakula sana, anachafua sana, na anaweza kufikia urefu wa sentimita 60 na kuzidi. Sehemu kubwa ya uchafu wake ni amonia inayotoka kupitia mashavu yake, haionekani kwa macho, na ni sumu kwake mwenyewe. Kinachoiondoa ni bakteria wanaoishi ndani ya chujio, wanaoigeuza kuwa nitriti na kisha nitreti. Bakteria hao wanahitaji oksijeni na maji yanayopita saa zote 24, usiku na mchana. Kwa bwawa la koi, kipimo kinachotumika sana ni maji yote kupita kwenye chujio mara 1 katika kila saa 1 hadi 2.

Chukua bwawa la urefu wa mita 4, upana mita 2 na kina mita 1.25. Hilo ni lita 10,000 kamili. Tukitaka lizunguke kila saa, tunahitaji lita 10,000 kwa saa. Nitalitumia bwawa hili hadi mwisho.

Pampu ya simtanki si pampu ya bwawa

Pampu ambayo karibu kila nyumba inaijua ni ile ndogo ya nusu hosipawa inayopandisha maji kwenye simtanki la juu. Kazi yake ni kuyafikisha maji kidogo mbali juu. Kibao chake mara nyingi kinasema kimo cha juu kabisa ni mita 35 hivi na mtiririko wa juu kabisa ni lita 35 hadi 40 kwa dakika. Watu wengi wanazisoma namba hizo mbili kana kwamba zinatokea kwa pamoja, lakini hazikutani hata siku moja. Kwenye kimo cha mita 35 pampu hiyo haitoi hata tone. Maji yamesimama tu ndani ya bomba. Na zile lita 40 kwa dakika zinapatikana pale tu isipokuwa na mzigo wowote. Uhalisia wote uko katikati ya namba hizo mbili, na ndiyo maana watengenezaji wanaoheshimu wateja wao huweka mchoro unaoonyesha, kwa kila mita ya kimo, pampu itatoa lita ngapi.

Hata tukiichukulia kwa namba yake nzuri kuliko zote, lita 40 kwa dakika ni lita 2,400 kwa saa. Bwawa letu linataka 10,000. Ukiweka ya hosipawa 1 ya aina hiyohiyo utapata kimo kikubwa zaidi ambacho hukihitaji, na bado maji hayatatosha.

Bwawa linataka kinyume chake: maji mengi, kimo kidogo. Maji yanatoka bwawani na kurudi bwawani, kwa hiyo urefu unaoupandisha si kutoka sakafu ya bwawa. Ni kutoka uso wa maji hadi pale yanapomwagikia. Kama una maporomoko ya mita 1 juu ya uso wa maji, umepandisha mita 1, basi. Kina cha bwawa hakihesabiwi, kwa sababu maji ya bwawani yenyewe yanasukuma kwenye bomba kwa kimo kilekile.

Mzigo unaobaki ni msuguano, na hapo ndipo bomba linapoingia.

Kipenyo na msuguano

Msuguano ndani ya bomba hauongezeki polepole kadiri bomba linavyokuwa jembamba. Unaruka. Kwa mtiririko uleule, ukipunguza kipenyo cha ndani kwa nusu, msuguano unaongezeka karibu mara 30. Nimeupigia hesabu mfano wetu: lita 10,000 kwa saa, mita 10 za bomba kwa jumla, na elbo 8 za nyuzi 90. Kwa bomba la PVC la milimita 63, ambalo wengi wanaliita la inchi 2, msuguano wote unakula kama nusu mita ya kimo, yaani ni kana kwamba pampu imeongezewa nusu mita ya kupandisha maji. La milimita 50 linakula kama mita 1.4. La milimita 40 linafika mita 3.7. La milimita 32, lile la inchi 1 tulilozoea majumbani, linakula karibu mita 10, na maji yanapita humo kwa kasi ya zaidi ya mita 4 kwa sekunde. Maji ni yaleyale na umbali ni uleule. Tofauti ya mita 9.5 za kimo imetokana na bomba peke yake.

Sasa kuna mtego ambao siku hizi unawanasa hata mafundi wazuri, nao ni mabomba ya PPR, yale ya kuunganisha kwa kuchomelea. Yamesambaa kila mahali, hayavuji, na yanastahimili maji ya moto. Lakini vipimo vyake, kama vya PVC, ni vya nje, na ukuta wake ni mnene mno. Bomba la PVC la milimita 50 la daraja la kawaida lina nafasi ya ndani ya milimita 45 hivi. La PPR la milimita 50 la daraja la PN20 lina ukuta wa milimita 8.3 kila upande, kwa hiyo ndani imebaki milimita 33.4 tu. Kwenye mfano wetu, msuguano unapanda kutoka mita 1.4 hadi karibu mita 5. Hata PPR ya milimita 63 ya daraja hilo ina milimita 42 ndani, yaani ni nyembamba kuliko PVC ya 50. Ukiwa dukani usiulize kipenyo tu. Chungulia ndani ya bomba, pima tundu kwa rula.

Kwa bwawa la lita 10,000 kwa saa, mimi ningeweka PVC ya milimita 63 kila mahali, na upande wa kuvuta ningekubali hata 75. Tofauti ya bei kati ya 40 na 63 kwa mita 10 unailipa mara 1. Umeme unaulipa kila mwezi.

Na kuhusu umeme, hesabu ni hii. Jumlisha mita 1 ya maporomoko, nusu mita ya msuguano, mita 1 ya chujio likiwa safi, na nusu mita ya akiba kwa siku chujio likianza kujaa. Tuko kwenye mita 3. Kupandisha lita 10,000 kwa saa hadi mita 3 ni kazi ya wati 82 tu. Pampu na mota vinapoteza nyingi njiani, kwa hiyo tuseme wati 200 kutoka ukutani. Kwa siku 30 bila kuzima, hiyo ni uniti 144. Pampu inayovuta wati 750 kwa muda huohuo inakula uniti 540. Zidisha kwa bei ya uniti unayolipa wewe, utaona kwa nini watu wengi wanaishia kuzima pampu usiku, jambo ambalo ni baya kuliko yote, kwa sababu usiku ndio mwani nao unatumia oksijeni badala ya kuitoa.

Kwa hiyo tafuta pampu ya mzunguko iliyotengenezwa kwa kimo kidogo, na soma mchoro wake pale kwenye mita 3. Kama huna namna ila kununua pampu ya bwawa la kuogelea, chagua ndogo kabisa inayofikisha mtiririko wako. Na kama ndugu amekutumia pampu kutoka Marekani, angalia kibao chake kabla ya kuichomeka. Kule umeme ni wa hezi 60, na pampu nyingi ndogo ni za volti 115. Hata iliyo tayari kwa volti 230 itazunguka polepole zaidi kwenye umeme wetu wa hezi 50: mtiririko unashuka hadi kama asilimia 83 na kimo hadi asilimia 69 ya kilichoandikwa.

Upande wa kuvuta

Kosa la upande wa kusukuma unalilipa kwenye bili. Kosa la upande wa kuvuta unalilipa kwa pampu nzima, na wakati mwingine kwa samaki. Kwa hiyo hapa tukae kidogo.

Pampu haivuti maji, ingawa sote tunasema hivyo. Inachofanya ni kupunguza presha kwenye mdomo wake, halafu hewa ya nje, inayoukandamiza uso wa bwawa, ndiyo inayoyasukuma maji kuelekea huko. Nguvu ya hewa ina kikomo. Pale usawa wa bahari, Dar es Salaam au Mombasa, inaweza kubeba nguzo ya maji ya mita 10.3 na si zaidi, hata ukiweka pampu ya hosipawa 100. Nairobi, iliyo karibu mita 1,700 juu ya bahari, hewa ni nyepesi na kikomo kinashuka hadi kama mita 8.5. Kwa vitendo huwezi hata kukikaribia kikomo hicho, kwa sababu kila elbo, kila valvu na kila uchafu kwenye kikapu cha pampu, kile kinachonasa majani kabla ya maji kuingia, unakula sehemu yake.

Presha ikishuka kupita kiasi, maji yanachemka yakiwa baridi. Viputo vya mvuke vinazaliwa kwenye mdomo wa pampu, vinaingia kwenye impela, lile gurudumu linalosukuma maji ndani ya pampu, ambako presha ni kubwa, na vinapasuka kwa ndani kwa nguvu inayong'oa chuma na plastiki kidogokidogo. Utasikia kama kokoto zinazunguka ndani ya pampu. Ukisikia sauti hiyo, usiiache iendelee ukidhani ni pampu mpya inazoea.

Kutokana na hayo yanatoka masharti machache ambayo singeyalegeza. Bomba la kuvutia liwe nene kuliko, au angalau sawa na, la kusukumia. Kamwe lisiwe jembamba zaidi. Kasi ya maji humo ibaki chini ya mita 1.5 kwa sekunde. Bomba la milimita 63 kwa lita 10,000 linatupa kama 1.1, salama kabisa. Elbo ziwe chache, na panapowezekana tumia mbili za nyuzi 45 zilizoachana kidogo badala ya moja ya 90. Kabla ya mdomo wa pampu acha kipande kilichonyooka cha sentimita 30 hadi 60. Hili mafundi wengi hawalitii: wanafunga elbo moja kwa moja kwenye mdomo wa pampu ili kuokoa nafasi, na maji yanaingia yakiwa yanajipinda, yanapiga upande mmoja wa impela, na pampu inatetemeka maisha yake yote.

Bomba hilo lisiwe na kilima njiani. Kama pampu iko juu ya maji, bomba lipande mfululizo kuelekea kwenye pampu; kama iko chini, literemke mfululizo. Mahali popote linapopanda kisha kushuka, hewa itajikusanya pale juu, na siku moja mfuko huo wa hewa utaingia kwenye pampu wote kwa mkupuo. Hata kipunguzio cha kutoka milimita 63 kwenda kwenye mdomo mdogo wa pampu kinaweza kuhifadhi hewa. Kile chenye upande mmoja ulionyooka kifungwe upande huo ukiwa juu.

Pampu ikae wapi

Ningeiweka chini ya usawa wa maji kila inapowezekana. Hapo maji yanaijaza yenyewe, umeme ukikatika na kurudi usiku wa manane inaanza bila mtu kuamka kuijaza, na huhitaji futi valvu, ile ya mwisho wa bomba la kuvutia inayozuia maji kurudi, ambayo huziba kwa majani. Pampu iliyo juu ya maji inaweza kufanya kazi kama ni ya aina inayojijaza yenyewe, ile inayobakiza maji tumboni ikizimwa. Lakini hata hiyo inachukua dakika kadhaa kutoa hewa kila inapowashwa, na ikishindwa inazunguka kavu. Sili yake, ile inayozuia maji kupita kwenye shafti, inapozwa na maji hayohayo. Ikikauka inaungua upesi, na joto lake linalainisha viungo vya plastiki vya skrubu vilivyofungwa mdomoni, ambavyo tangu siku hiyo vitakuwa vinavuta hewa.

Kuna njia mbili za kuishusha pampu chini ya usawa wa maji. Ya kwanza ni kuchimba shimo, na watu wengi wanaikimbilia. Shimo lisilo na njia ya kutolea maji litajaa wakati wa masika na kuizamisha mota. Ukichimba, chimba na mfereji wake. Njia ya pili, ninayoipenda zaidi, ni kuinua bwawa lenyewe: kuta za matofali zikipanda sentimita 50 juu ya ardhi, pampu inakaa juu ya jukwaa dogo la zege la sentimita 10 au 15, kwenye kivuli, na bado iko chini ya uso wa maji. Maeneo ya pwani ambako maji ya ardhini yako karibu, bwawa la kuinuliwa linakuepusha na shida nyingi nyingine. Maji ya mvua ya uani nayo hayaingii na matope na mafuta yake.

Lakini pampu iliyo chini ya usawa wa maji inaleta hofu ya haki: yunioni, kile kiungo cha bomba kinachofunguka bila kukata, ikipasuka usiku, je, bwawa lote litamwagika? Jibu liko kwenye mahali unapotobolea. Usiunganishe pampu moja kwa moja na tundu la sakafuni. Kabla hujamwaga zege, laza bomba la milimita 110 kutoka katikati ya sakafu hadi kwenye chemba ndogo kando ya bwawa. Maji ya chemba na ya bwawa yatakuwa usawa mmoja daima. Pampu ivute kutoka kwenye chemba, na bomba lake litoke ukutani sentimita 40 chini ya uso wa maji. Sasa hata kila kitu kikipasuka, maji yanashuka hadi kwenye tundu hilo na kusimama. Bwawa letu litapoteza lita 3,200, samaki watabaki na sentimita 85 za maji, na asubuhi utakuta hasara inayorekebishika. Ongeza swichi ya boya ndani ya chemba ili pampu izimike maji yakishuka, usije ukapoteza na pampu.

Chemba hiyo inafanya na kazi nyingine kubwa. Kinyesi cha koi kinafika hapo kikiwa kizima, maji yanapunguza kasi, na kinatua chini, ambako unakitoa kwa valvu yake kwenda kwenye mtaro au bustani, migomba inakipenda. Ukikipitisha kwenye pampu kwanza, impela inakisaga kuwa vumbi ambalo chujio linapata taabu kulikamata.

Kwenye upande wa kurudishia, mdomo wa bomba ukizama ndani sana bila kinga, umeme ukikatika maji yanaweza kurudi nyuma yakipita kwenye chujio na kumwagika popote palipo chini ya uso wa bwawa. Uweke karibu na uso wa maji, au toboa tundu dogo kwenye bomba juu kidogo ya uso ili hewa iingie na kuukata mvuto.

Viungo, gundi na koki

Funga yunioni pande zote mbili za pampu, na koki ya mpira (ile yenye tufe linalozunguka ndani) nje ya kila yunioni. Siku ya kubadilisha sili, unafunga koki mbili, unalegeza yunioni mbili, unaibeba pampu mezani, na bwawa halijui kitu. Bila hivyo, matengenezo ya nusu saa yanakuwa ya kukata bomba kwa msumeno.

Koki ya upande wa kuvuta ni ya kufunguliwa kabisa au kufungwa kabisa. Ukitaka kupunguza maji, punguza kwa koki ya upande wa kusukuma. Kwa pampu za impela za kawaida hii haiiumizi pampu. Inapunguza hata umeme kidogo, maana pampu inabeba maji machache. Ukiibana kwenye kuvuta unairudisha ile sauti ya kokoto.

Epuka koki za shaba na viungo vya chuma kilichopakwa zinki. Shaba na zinki ni sumu kwa samaki, na maji ya bwawa yanapita pale saa 24. Plastiki inatosha kwa presha ndogo hizi.

PVC iunganishwe hivi: kata bomba kwa mkato ulionyooka, usio wa mshazari, kwangua mabaki ya plastiki kwa kisu ndani na nje, sugua kidogo kwa msasa, paka gundi kwenye bomba na kwenye soketi, ingiza hadi mwisho huku ukizungusha robo mzunguko, kisha shikilia kwa nusu dakika. Ukiachia mapema, bomba linarudi nyuma lenyewe. Kwa milimita 63 kwenye jua la saa 7 mchana gundi inakauka kabla hujamaliza kupaka, kwa hiyo kuwa na msaidizi au fanya kazi hiyo asubuhi. Acha siku nzima kabla ya kuweka maji. Mabomba yaliyo wazi juani yapakwe rangi au yafukiwe. PVC inachakaa kwa jua na kuwa rahisi kuvunjika.

Mabomba ya maji machafu yenye viungo vya mpira yanafaa kwa ile laini ya milimita 110 inayotiririka yenyewe. Kwenye bomba la kuvutia hayafai, kwa sababu mpira wake umetengenezwa kuzuia maji yasitoke, si kuzuia hewa isiingie.

Na hewa inayoingia ni adui anayejificha vizuri. Kiungo kibovu upande wa kusukuma kinadondosha maji, unakiona. Kibovu upande wa kuvuta hakidondoshi chochote pampu ikiwa inafanya kazi. Kinanyonya hewa kimyakimya. Tazama kwenye mfuniko wa kioo wa kikapu cha pampu: ukiona viputo vinapita mfululizo, au hewa inayokaa juu na haiondoki, kuna mahali panavuta. Paka povu la sabuni ya kunyolea kwenye kila kiungo, kimoja kimoja, na subiri. Pale penye tundu, povu litazama ndani na kuacha kishimo. Mara nyingi ni oring'i, ile pete ya mpira ya kuziba, ya mfuniko wenyewe, iliyokauka au iliyoshika punje ya mchanga.

Usilichukulie hili kuwa ni kelele tu. Hewa ikisagwa ndani ya pampu na kukandamizwa kwenye presha, naitrojeni yake inayeyuka kwenye maji kupita kiasi. Samaki anaivuta kwa mashavu, na ndani ya mwili wake inageuka tena kuwa viputo. Utaviona kwenye mapezi, hata machoni. Wengine wanatibu kwa dawa za bakteria wiki nzima wakati ugonjwa uko kwenye yunioni iliyolegea.

Umeme na mgao

Pampu ya nje ina faida ya kuuweka umeme mbali na maji, tofauti na pampu ya kuzama. Faida hiyo inapotea kama waya umeungwa kwa tepu na kulazwa kwenye majani. Weka breka ya kuhisi uvujaji wa umeme ya miliampia 30 kwa ajili ya laini hiyo peke yake, erthi halisi, na swichi ndani ya boksi lisilopitisha mvua. Mikono ya watoto itakuwa ndani ya maji hayo wakati wa kulisha. Hapa fundi umeme mwenye leseni analipwa pesa yake bila kujadili.

Umeme ukikatika kwa saa kadhaa, bakteria walio ndani ya chujio lililofungwa wanamaliza oksijeni na kuanza kufa, na maji yaliyomo yanaoza. Umeme ukirudi, maji hayo yataingia bwawani yote kwa mara moja. Kwa hiyo weka tii (kiungo cha njia tatu) na koki baada ya chujio ili uweze kuyamwaga nje maji ya dakika za kwanza. Kwa wenye mgao wa mara kwa mara, mashine ndogo ya hewa yenye betri itawaokoa samaki hata pampu ikiwa imelala. Ukijaza tena kwa maji ya bomba la mjini, kumbuka klorini: iondoe kwa sodiamu thayosalfeti kabla ya samaki kukutana nayo.

Siku ya kuwasha

Fungua koki ya kuvuta, legeza mfuniko wa kikapu hadi maji yajae na kuanza kufurika, kaza, kisha fungua koki ya kusukuma robo. Washa. Maji yakishika, fungua taratibu hadi mwisho huku ukisikiliza.

Halafu pima, usikisie. Chukua ndoo ya lita 20, iweke kwenye mdomo wa kurudishia na mtu ahesabu kwa saa ya simu. Lita 10,000 kwa saa zinaijaza kwa sekunde 7 hivi. Ikichukua 12, unapata lita 6,000 tu. Kama maji yanatoka kwa midomo miwili, pima yote na ujumlishe. Andika namba hiyo ukutani karibu na swichi, pamoja na tarehe. Kila mwezi pima tena. Ndoo ikianza kuchukua muda mrefu zaidi, fungua kikapu kwanza, kisha osha chujio, kisha angalia viputo kwenye kioo, kwa mpangilio huo. Pampu yenyewe iwe ya mwisho kushukiwa.